Njia ya Shamba la Mama Mkwe

Sehemu ya Tisa

Panga lilikuwa la kukatia majani ya ng'ombe. Wale mliokaa wiki nzima mkidhani kuna damu, pumueni kidogo.

Hata hivyo mama mkwe hakuliweka chini. Alisimama nyuma ya lango lake la kijani, panga mkono wa kulia, mkono wa kushoto kiunoni, akamtazama mke wa mwanawe kuanzia mabuti ya mpira mpaka kilemba. Miaka sita hakuwa amemtia machoni kwa karibu namna ile.

"Shikamoo, mama," Mama Utepe alirudia.

Ng'ombe ndiye aliyeitikia.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi. Kesho, saa kumi na mbili asubuhi, watu mia mbili na kumi wanaanza mbio za kilomita themanini milimani. Leo asubuhi mhandisi wa barabara amelifunga daraja la kuning'inia lililo kwenye kilomita ya hamsini na mbili, maana mmoja kati ya waya mbili nene zinazolibeba umeanza kufumuka nyuzi. Kwa miaka mitano sasa mwenyekiti wa kamati amekuwa akitaka mbio zihamie kwenye lami, na lami hiyo, kwa bahati iliyoje, inapita mbele ya kituo chake cha mafuta. Ametoa muda mpaka saa tisa alasiri njia nyingine ipatikane. Na Mama Utepe, mpima njia, mwanamke aliyeifungua njia ile ya milimani kwa miguu yake mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita, amegundua kwamba pa kuzungukia ni mahali pamoja tu: kushuka mtoni, kuvuka juu ya mawe, kisha kupanda katikati ya shamba la mtu asiyetaka hata kumwona.

"Umefuata nini?" mama mkwe aliuliza.

"Njia, mama."

"Njia ya kwenda wapi?"

"Ya kupita hapa, kesho tu. Watu mia mbili na kumi. Watatoka mtoni, wapite pembeni mwa mahindi, watokee nyuma ya zizi. Hawatakanyaga hata jani. Nitasimama mwenyewe."

Mama mkwe alicheka, lakini macho yake hayakuwemo kwenye kicheko hicho.

"Mia mbili! Yaani mmoja ulimtoa hapa, sasa unaniletea mia mbili?"

Hapo ndipo penye kidonda. Huyo mmoja ni Kitinda, mtoto wa mwisho wa nyumba ile, wifi wa Mama Utepe. Mama yake alikuwa ameshamtafutia nafasi chuo cha uhazili, sare imeshonwa, sanduku limefungwa. Mama Utepe akampa jozi ya viatu vya kukimbilia. Binti akachagua viatu. Mama akasimama papo hapo langoni na kutamka, "Ukitoka na viatu hivyo, usirudi." Binti akatoka. Na kwa kuwa ukaidi wa nyumba ile hauna dawa, hakurudi.

"Sikumtoa, mama. Nilimpa viatu."

"Ndivyo ulivyomtoa."

Njiani Mama Utepe alikuwa amejipangia maneno ya kubembeleza, matamu kweli kweli. Sasa yalimtoka yote kichwani, hasira ikakaa mahali pake.

"Mama, nisikilize. Kwa viatu vile siombi radhi. Ningempa tena leo hii. Nimekuja kuomba njia. Ukikataa, nitarudi mtoni nitafute pengine, hata kama ni kupanda mwamba na kamba mdomoni. Lakini kwenye lami hawatanipeleka."

Mama mkwe alimtazama kama anayemwona mtu mpya.

"Na yeye yumo?" aliuliza, sauti ikishuka.

"Nani, mama?"

"Usijitie hamnazo."

"Yumo. Namba kumi na saba. Mwaka huu wanasema si wanawake tu, hata wanaume wengi atawaacha nyuma."

"Daraja likiwa zima, huwa anapita wapi?"

"Juu kule, ukingoni. Haoni hata paa lako."

"Na likiwa limefungwa?"

"Anapita hapo hapo uliposimama."

Panga likawekwa chini.

"Basi sikia na wewe," mama mkwe alisema. "Tepe za kuonyesha njia shambani kwangu nitazifunga mimi. Shamba langu, mkono wangu. Sitaki watu wa kamati wanizungukie mahindi. Halafu nataka kizibao kama hicho ulichovaa. Na filimbi."

"Filimbi ya nini, mama?"

"Wewe unayo ya nini?"

Mama Utepe akameza kicheko. "Utapata vyote."

"Na jingine." Hapo bibi yule aligeuza uso akatazama zizi, kama mtu anayezungumza na ng'ombe wake. "Apite. Nimwone. Siombi asimame, siombi anisalimie. Apite tu mbele ya macho yangu."

"Atapita."

"Usiseme tu ili nikupe njia."

"Atapita, mama. Nakuahidi."

Karatasi ya ruhusa ilitiwa sahihi juu ya nguzo ya lango. Mama mkwe aliandika jina lake polepole, akarudisha kalamu, akafungua komeo.

"Marahaba," alisema. Ilikuwa imechelewa miaka sita na nusu saa. Mama Utepe akashika gurudumu lake la kupimia na kuteremka nalo mtoni kabla machozi hayajamwaibisha.

*

Chumba cha kamati kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kilinuka rangi na misumari. Saa tisa kasoro dakika nne Mama Utepe aliusukuma mlango, matope yamemfika magotini.

Mwenyekiti alikuwa ameshasimama. Nyuma yake, kwenye kona, mabango mapya yalikuwa yamekunjwa vizuri. Moja lilikuwa limefunguka kidogo, na mtu aliweza kusoma: MBIO ZA LAMI.

"Umechelewa, Mama Utepe."

"Saa yako inakimbia. Na mabango yako nayo, naona wino umekauka mapema sana kwa daraja lililofungwa leo."

Mwenyekiti alikohoa. Alikuwa mtu wa shati jeupe na peremende mdomoni, na peremende hiyo ilihama kutoka shavu moja kwenda jingine kila alipobanwa.

"Tuache hayo. Njia iko wapi?"

Mama Utepe alitandaza ramani mezani. Kidole chake kilichojaa udongo kikafuata mchepuko mpya. "Wanafika darajani, hawavuki. Wanashuka kushoto mpaka mtoni, wanavuka juu ya mawe, maji ni ya vifundoni. Wanapanda shambani, wanatokea nyuma ya zizi, wanaipata njia yao ya zamani ng'ambo ya pili ya daraja. Umbali umezidi kilomita moja na mita mia sita. Nimekata mzunguko wa machimbo ya kokoto. Jumla ni themanini na mita ishirini na tano."

"Nani amepima?"

"Mimi na gurudumu. Na gurudumu halina kituo cha mafuta."

Mhandisi, dada mmoja mwembamba aliyekaa dirishani na kofia yake ngumu mapajani, alijaribu kuficha tabasamu. Ni yeye aliyelifunga daraja, na Mama Utepe hakumlaumu hata kidogo. Alikuwa ameziona zile nyuzi za waya kwa macho yake.

"Mchepuko mimi sina neno nao," mhandisi alisema. "Daraja sitalifungua, hata mkiniahirishia mshahara. Likipata mtu mmoja linaweza kuvumilia, linaweza lisivumilie. Wakiwa wawili, naapa haliwezi."

Wajumbe walitazamana. Mmoja akasema njia inaonekana sawa. Mwingine akasema hata yeye anaona hivyo. Peremende ya mwenyekiti ikahama shavu.

"Vizuri," alisema taratibu. "Vizuri sana. Lakini na mimi nataka karatasi yangu. Andika hivi: kesho akikanyaga mtu mmoja ubao wa daraja lile, mmoja tu, mbio za milimani zimekufa. Mwakani ni lami. Utatia sahihi?"

Mhandisi akatikisa kichwa kumwambia asikubali.

Mama Utepe alivuta karatasi, akatia sahihi mpaka kalamu ikatoboa.

"Na asipokanyaga mtu," alisema, "mabango yale uyashone mapazia."

Mwenyekiti naye si mtu wa kushindwa mara mbili kwa siku moja. Alimkalisha pale na fomu za bima, fomu za gari la wagonjwa, fomu za fomu, mpaka jua likazama. Kwa miaka kumi na moja Mama Utepe hakuwahi kumwachia mkimbiaji njia ambayo hajaitembea mwenyewe baada ya tepe kufungwa. Siku hiyo alituma tepe, kizibao na filimbi kwa pikipiki, akaishia kupiga simu.

"Umefunga, mama?"

"Nimefunga zote. Hata mbili zimebaki."

"Kushoto?"

"Kushoto! Unadhani sijui kushoto kwangu?"

Sheria ya mbio zile ni nyepesi, na hufundishwa kila mwaka kabla ya filimbi ya kuanza. Utepe ni wa rangi moja, ya machungwa. Ukiuona kushoto kwako, endelea. Ukiuona kulia kwako, umepotea, rudi ulikotoka.

Mama Utepe akashukuru, akakata simu.

*

Alfajiri, uwanja wa shule ulijaa watu wanaorukaruka kwa baridi. Mama Utepe alimkuta Kitinda amechuchumaa pembeni, peke yake, akikaza kamba za viatu. Alikuwa amekonda na kukomaa, misuli ya miguu imechora.

"Wifi."

"Wifi. Nasikia kuna mchepuko."

"Upo."

"Kwa nani?"

Mama Utepe angeweza kumzungusha. Hakumzungusha.

"Kwa mama."

Mikono ya Kitinda ikasimama kwenye kamba. Kisha ikaendelea, ikakaza zaidi, mpaka mtu angedhani anataka kukinyonga kiatu.

"Anajua kama napita?"

"Yeye ndiye aliyetoa njia. Tena ni kwa ajili yako."

"Sawa."

"Sawa nini, wifi?"

"Sawa, nimesikia."

Filimbi ikalia, mia mbili na kumi wakaondoka na vumbi lao. Mama Utepe alibaki amesimama. Alikuwa ameolewa katika familia ile miaka kumi na minne, na alizijua sawa zao. Ile haikuwa ya kukubali.

*

Saa tano asubuhi pikipiki ilimshusha kwenye lango la kijani. Alishuka akataka kucheka, kisha akataka kulia.

Mama mkwe alikuwa amefagia njia. Yote, kutoka nyuma ya zizi mpaka inapoinamia mtoni, imefagiwa kama ukumbi. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa gauni lake zuri la kwendea harusi, kizibao cha rangi ya machungwa juu yake, filimbi shingoni. Ng'ombe amefungwa mbali asije akavunja heshima.

"Bado hajafika," alisema kabla hajaulizwa.

"Bado, mama. Wa kwanza tunawatazamia saa tano na robo."

Mwenyekiti naye alikuwepo, amekuja kushuhudia maziko. Mama mkwe alikuwa amempa kiti cha plastiki chenye mguu mbovu, na kila alipojiegemeza ilimbidi aruke.

Saa tano na robo. Hakuna mtu.

Saa tano na nusu. Kunguru wawili tu.

Saa sita kasoro robo mwenyekiti alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Hata mtandao haushiki kule chini mtoni," alisema kwa huruma ya uongo. "Watu mia mbili, Mama Utepe. Wamemezwa na nini?"

Mama Utepe aliteremka kwa haraka, macho kwenye tepe. Kushoto, upo. Kushoto, upo. Kushoto tena. Zimefungwa imara, usawa wa bega, kila baada ya hatua hamsini. Hakuna hata mmoja uliokatika. Mama mkwe alifanya kazi safi kuliko vijana wote wa kamati.

Alipofika ukingoni mwa maji aligeuka nyuma, atazame kama atazamavyo mkimbiaji anayetoka mtoni.

Zote zilikuwa kulia.

Mama mkwe alizifunga akitoka nyumbani kwenda mtoni, kama alivyoipita njia ile siku zote za maisha yake, na kushoto kwake kulikuwa kushoto kweli. Ila mbio zinatoka mtoni kwenda nyumbani. Kila utepe shambani mle ulikuwa unawaambia wakimbiaji: umepotea, rudi ulikotoka.

Na wakimbiaji, maskini, ni watu watiifu. Kwenye kona ya mto aliwakuta kumi na wawili wamesimama majini, wanagombana. Wengine walishakwenda mpaka kinu kibovu huko chini, wakarudi.

"Tepe zinatukataza!" mmoja alimpigia kelele. "Tumepanda mara mbili, tumerudi mara mbili!"

"Ni kosa langu," Mama Utepe alijibu kwa sauti. "Langu peke yangu, msimtafute mwingine. Jioni mtanitukana mpaka mchoke. Dakika mlizopoteza nitazirudisha kwenye karatasi, moja moja. Sasa fuateni tepe, upande wowote mtakaoziona. Twendeni!"

Akapanda mbele yao kwa mabuti ya mpira. Jamani, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mabuti yanapiga kelele kama bata, na nyuma yake wanaume wa suruali fupi wanahema. Njiani aling'oa tepe mkono huu akifunga mkono ule. Kule juu mama mkwe aliziona pilikapilika, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Ni mimi?" aliuliza. "Kushoto kwangu si kushoto kwao?"

"Si wewe, mama. Ni mimi niliyekupigia simu badala ya kuja."

"Mmeona!" mwenyekiti alidakia. "Mmeona mambo ya kienyeji haya?"

"Nyamaza," mama mkwe alimwambia. "Uko shambani kwangu."

Kisha akakunja gauni la harusi, akateremka, akaanza kuhamisha tepe zake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, filimbi ikirukaruka kifuani. Ndani ya robo saa njia ilikuwa imekaa sawa, na watu wakaanza kupita kama ilivyokusudiwa.

Walipita kweli. Wa kwanza, wa pili, kundi la watano. Mama mkwe alirudi nyuma ya zizi, akampulizia kila mmoja filimbi, akamtazama kila mmoja usoni. Dada mmoja mwenye nywele za kusuka akamfanya ainue mkono. Alipokaribia, mkono ukashuka. Hakuwa yeye.

Ishirini. Thelathini. Mwenyekiti alikuwa amekoma kutabasamu, maana njia ilikuwa inafanya kazi na hakuna ubao uliokanyagwa. Mama Utepe naye angefurahi, lau asingekuwa anafanya hesabu kichwani. Kitinda aliondoka katika kumi wa kwanza. Wa arobaini ameshapita.

"Mwanangu yuko wapi?" mama mkwe aliuliza, bila kuondoa macho njiani.

Mama Utepe alimdaka mkono mkimbiaji mmoja, mzee wa mvi mwenye chupa mbili kiunoni.

"Baba, samahani. Namba kumi na saba umemwona?"

"Yule binti? Alikuwa mbele yetu sote," mzee alisema, akihema. "Hakushuka mtoni. Yuko kule kule darajani, anabishana na mhandisi. Eti anataka kuvuka."

Mwenyekiti akainuka kwenye kiti. Safari hii alitabasamu kwa meno yote.

"Darajani?" alisema.

Mama mkwe akaitoa filimbi mdomoni.

"Alijua ni kwangu?" aliuliza.

"Tangu asubuhi, mama. Nilimwambia mimi."

"Kwa hiyo ameona afadhali lile daraja bovu."

Jana Mama Utepe aliahidi mbele ya lango lile kwamba Kitinda atapita, na hakuwa amemuuliza mwenye miguu. Aliona aibu, aibu kubwa kuliko ya tepe.

Bibi yule hakungoja neno. Alivua viatu vyake vya harusi akaviacha katikati ya njia aliyoifagia, akashika kinjia cha kwenda ukingoni. Kwa umri wake alikwenda mbio zisizo na ubishi. Mama Utepe akamfuata. Nyuma yao mwenyekiti, simu mkononi, ameshaanza kurekodi.

*

Daraja lile lina urefu wa hatua sitini, na chini yake maji yako mbali kiasi kwamba sauti yake hufika imechoka. Walitokea upande huu. Upande wa pili, Kitinda alikuwa ameshainama chini ya utepe wa onyo. Mhandisi alikuwa amemshika fulana kwa mikono miwili, kofia imemwanguka.

"Nimemwambia!" mhandisi alipaza sauti ili wamsikie. "Nimemweleza mara kumi, hasikii!"

Kitinda akainua uso. Akamwona mama yake, miguu peku, gauni limeloa jasho, kizibao cha rangi ya machungwa kifuani.

"Rudi nyuma, Kitinda," mama alisema. Hakupiga kelele, lakini alisikika.

"Uliniambia nisirudi, mama! Sasa naenda mbele, unataka nini tena?"

"Wifi!" Mama Utepe aliita. "Ukikanyaga ubao huo milima yote imekwisha! Nimetia sahihi!"

"Nisamehe, wifi. Kwa hili nisamehe. Nimekimbia kilomita hamsini na mbili nikijisemesha kwamba nitaweza. Pale siwezi kupita. Nilitoka kama mbwa, sipiti kama mpita njia, nikapulizwe filimbi."

"Ubao mmoja tu," mwenyekiti alinong'ona nyuma ya simu yake, karibu anaomba dua.

Mama Utepe alimgeukia. "Rekodi vizuri," alimwambia. "Hakikisha na uso wako unaonekana, watu wakuone ulivyosimama ukingoja binti afe."

Alipogeuka tena, mama mkwe hakuwa pembeni yake.

Alikuwa ameshaupita utepe wa onyo wa upande huu. Alikuwa ameshashika waya kwa mkono mmoja, ule waya mzima au ule mbovu, nani angejua.

"Mama! Toka hapo!" Mama Utepe alipiga ukelele. Aliwaza karatasi, aliwaza sahihi yake, aliwaza miaka kumi na moja, yote kwa mpigo mmoja, na yote akayatupa. "Toka, mama! Nipe mkono!"

"Wewe ulitimiza yako," mama mkwe alimjibu bila kugeuka. "Ulimleta mpaka hapa. Iliyobaki ni yangu."

"Mama, usifanye hivyo!" Kitinda alilia kutoka ng'ambo, na sauti ile haikuwa tena ya mwanamke aliyekomaa misuli. "Wewe ni mzito! Daraja litakatika!"

"Hutaki kupita kwangu," mama alisema, "basi mimi napita kwako."

Akaweka mguu peku kwenye ubao wa kwanza. Kisha wa pili. Akaenda, hatua kwa hatua, mpaka akawa amemaliza robo ya daraja, na hapo, kwenye nguzo ya ukingoni, karibu na sikio la Mama Utepe, uzi mmoja wa waya ukakatika kwa mlio mkali.

Kule ng'ambo fulana ilichanika. Mhandisi alibaki na kipande cha nguo chenye namba kumi na saba mikononi, akipiga kelele kwamba wawili haliwezi, wawili haliwezi.

Kitinda hakumsikia. Alikuwa ameshaingia darajani, anamkimbilia mama yake.